Kapiga Pedali Italia Mpaka Kachoka, Kilwa Hajafika Hata kwa Basi

Haya jamani, wiki hii simu zimepata moto. Yule dada yetu wa filamu, jina siliweki kwa sababu sitaki kesi na nyinyi wenyewe mnamjua, katua Italia, kavaa taiti na helmeti ya waridi, kapanda baiskeli nyembamba kama mbu, na tangu Jumatatu hatujapumzika. Mara yuko juu ya kilima huko Tuscany, nyuma yake miti mirefu imesimama kama mishumaa. Mara yuko kwenye kijiji cha mawe anakunywa kahawa kwenye kikombe cha kidoli. Mara anakata msitu anahema, kamera iko mbele yake (nani alikuwa anampiga hiyo video na yeye anapedali, hilo tumwachie Mungu). Picha kali, sikatai. Mie mwenyewe nimezipenda zote, nendeni mkaangalie.

Sasa ile ya mwisho ndiyo imenileta hapa. Kaandika kwamba Afrika hatuna barabara ya namna hii, yaani milima, msitu na vijiji vya kale vyote ndani ya safari moja ya baiskeli, ndiyo maana yeye hela yake ya likizo anaila Ulaya. Chini ya hapo watu wakagawana kambi mbili kama kawaida yetu. Kambi ya kwanza: mwacheni ale bata, hela yake, nyie wivu tu. Kambi ya pili wakashuka na ile taiti, wakaipima, wakaijadili, wakamaliza na kumtukana mama yake ambaye hata hakuwepo kwenye baiskeli. Komenti maelfu. Hakuna aliyeuliza swali dogo tu: hivi alichosema ni kweli?

Mie ni mtu wa Lindi. Nimezaliwa huko, nimesoma huko, Dar nimekuja kutafuta maisha kama nyinyi wengine. Na ile barabara ya kutoka Lindi mpaka Kilwa nimeipiga kwa baiskeli mwaka juzi, siku mbili na nusu, miguu mpaka leo inanikumbuka. Kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza mtu akitaka kuijaribu aanzie Lindi, asianzie Kilwa. Wengi wanaotoka Dar wanateremka kusini moja kwa moja, halafu wanashangaa kwa nini wanachoka. Miezi ya Juni, Julai, Agosti, ndiyo kiangazi, barabara kavu na jua halijawa kali sana, lakini ndiyo miezi ya kusi. Kusi inatoka kusini. Ukielekea Lindi inakupiga usoni kutwa nzima, ukielekea Kilwa inakusukuma mgongoni kama mama anavyomsukuma mtoto anayechelewa shule. Mababu walilijua hili kabla ya programu za hali ya hewa: kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni, kusi inayarudisha. Kilwa ilitajirika kwa hesabu hiyohiyo ya upepo.

Ukitoka mjini Lindi unaacha ghuba nyuma yako na milima inaanza mapema, hujapata hata nafasi ya kupasha misuli. Unapanda, unashuka, unapanda. Minazi inaisha, mikorosho inaanza, halafu mikorosho nayo inakuwa michache na unabaki na msitu. Unapita Mchinga, unaiona bahari kidogo, halafu inakuacha. Upande wa bara huko ndani ndiko kuna Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa kuanzia 1909 mpaka 1913. Tani zaidi ya 200 zilibebwa na wapagazi mabegani na vichwani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo yule mjusi kasimama Berlin watoto wa Kijerumani wanalipa kiingilio kumwona. Nilipokuwa nahema kwenye kile kilima baada ya Mchinga nilijiambia, nyamaza wewe, wenzio walipanda huku na paja la dinosaria kichwani.

Halafu unashuka mpaka mto Mbwemkuru, ambao ndio mpaka wa Lindi na Kilwa. Kutoka hapo mpaka Nangurukuru ni kilomita 95. Hii sehemu ndiyo ningemwonesha dada yetu nikimfunga kitambaa machoni kisha nikamfungua katikati. Msitu kushoto, msitu kulia, barabara inapinda na kupanda, nyani wamekaa pembeni wanakuangalia kama wanakudai. Vijiji vinatokea ghafla: Kiranjeranje, Hotelitatu, Mavuji. Mbele yako hakuna kelele ila mnyororo wako mwenyewe.

Na huu msitu si pori la bure bure, una wenyewe. Mwaka 2009 vijiji viwili vya Kilwa, Kikole na Kisangi, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mti unaowapa jina ni mpingo. Ule weusi wa zile zumari za okestra mnazoziona kwenye video za Vienna, sehemu yake inaanzia huku, kwa watu wanaotembea na panga na daftari la kuhesabia miti. Wakivuna mti mmoja kihalali hela inaingia kijijini. Tuscany wana mizabibu, hewala. Sisi tuna mpingo, na mpingo unachukua miaka sabini na zaidi kukomaa mpaka kuvunwa.

Hotelitatu nilipata pancha. Pale chini ya mwembe kuna mzee fundi baiskeli, ana beseni la maji, gundi, vipande vya tyubu kuukuu na redio. Nikamwamkia, shikamoo babu. Marahaba mwanangu, umetoka wapi na jua hili? Nikamwambia Lindi. Akaniangalia. Unakwenda wapi? Kilwa. Kuna msiba? Hapana babu. Kuna mgonjwa? Hapana, naendesha tu, nafurahia. Akaacha kazi kabisa, akamgeukia kijana wake akasema, mpe maji huyu, jua limempata.

Nimecheka mpaka leo. Lakini lile swali la yule babu lina uzito kuliko komenti zote elfu kumi za wiki hii, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Yule mzee kaendesha baiskeli maisha yake yote. Vijijini kwetu kuna wazee wana Phoenix na Swala, zile baiskeli nzito za chuma, breki za fimbo, keria nyuma inayobeba gunia la ufuta, dumu mbili za maji na mtoto juu. Kuna mwalimu anaenda nayo shule. Kuna kijana anachukua samaki alfajiri pwani anawakimbiza vijiji vya ndani kabla jua halijapanda. Wote hao wanapanda vilevile vilima ambavyo dada yetu akivipanda Italia tunaita mazoezi, tena bila gia, na kandambili miguuni. Kwao baiskeli ni kazi. Mtu akiendesha bila mzigo, bila msiba na bila mgonjwa, basi ana matatizo.

Na sisi wa mjini tumeenda mbali zaidi ya yule babu, sisi tunaona aibu. Semeni kweli. Kijana wa Dar akimfuata binti na baiskeli anaambiwa nini? Mnajua anaambiwa nini. Hata huko kwetu korosho ikilipa vizuri kitu cha kwanza ni pikipiki, baiskeli inaegeshwa nyuma ya nyumba kuku wanataga kwenye keria. Halafu msanii mmoja mwenye gari tatu akipanda baiskeli Ulaya tunaandika "malengo". Baiskeli ileile jamani. Ya babu ni umaskini, ya dada ni maisha.

Sasa niwape stori ya Tuscany ambayo dada hakuwaambia, labda na yeye hakuambiwa. Zile barabara nyeupe za changarawe alizopita, Waitaliano wenyewe zilikuwa zinawaponyoka. Zilikuwa barabara za wakulima, na lami ilikuwa inazimeza moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 pale Gaiole in Chianti watu wachache wakaanzisha safari ya baiskeli wakaiita L'Eroica, lengo mojawapo likiwa kuzilinda hizo barabara. Na masharti yake sasa: unatakiwa uje na baiskeli ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya 1987 au mwaka huohuo, ya chuma, na nguo za sufu za kizamani. Leo watu maelfu wanatoka duniani kote kwenda kupanda baiskeli kuukuu kwenye barabara ya vumbi, na wanalipa. Mwaka 2007 yakazaliwa mpaka mashindano ya wanariadha wa kulipwa, Strade Bianche, yanayomalizikia katikati ya mji wa Siena.

Hebu rudieni kusoma hapo juu. Baiskeli ya chuma, ya zamani, kwenye barabara ya vumbi, katikati ya vijiji vya kale. Hiyo ni Kipatimu! Hiyo ni babu yangu akienda mnadani! Wenzetu walichukua kitu cha mkulima wao, wakakiheshimu kwanza wao wenyewe, ndipo mgeni akaja na pochi.

Na tukizungumzia vijiji vya kale sisi si wa kuanza kubabaika. Ukifika Nangurukuru unaingia kulia kuelekea Kilwa Masoko, na njiani kuna njia ya Kilwa Kivinje. Kivinje ni mji wa karne ya 19, milango ya mbao iliyochongwa, majumba ya mawe yaliyochoka, boma la Wajerumani linatazama bahari. Hapa misafara ya watumwa ilitoka bara ikaishia. Hapa mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwenye mwembe, na mahali hapo watu wanapaita Mwembe Kinyonga mpaka kesho. Kaa kwenye kile kibaraza cha karibu na soko saa kumi jioni, baiskeli zinapita moja moja na samaki, na utaniambia kama kahawa ya Siena ina utamu kuliko ya pale.

Masoko unaiacha baiskeli, unachukua kibali cha kuingia magofuni, unapanda boti kwenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu umeanza karne ya 11. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, lina bwawa la kuogea lenye pande nane, yaani huyu bwana alikuwa na bwawa la kuogelea linalotazama bahari kabla mastaa wetu hawajazaliwa mara ishirini. Ibn Battuta alipita hapa 1331 akausifia mji. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa mpaka Australia, kwenye visiwa vya Wessel, mwaka 1944. UNESCO waliyaingiza magofu ya Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, wakayaweka kwenye orodha ya hatari 2004, wakayatoa huko 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati.

Na kama miguu bado inataka, kuna Umatumbi. Unapanda na barabara ya basi la Dar kisha unaingia ndani kwenye vilima vya Kipatimu. Hapo ndipo penye kazi. Vilima vya Matumbi ndiko moto wa Majimaji ulipoanza mwaka 1905, watu waling'oa pamba ya Mjerumani shambani. Kuna mapango ya Nang'oma ambayo watu walijificha. Vumbi jekundu, kona, mteremko wa kuomba dua. Mie Kipatimu nilipanda pikipiki, naomba msinicheke.

Kwa hiyo dada, kwa upande wa jiografia, umechapia. Ila upande mmoja kapatia bila kujua. Kasema hatuna barabara ya namna hii. Mahali tunapo. Barabara ambayo mtu wa baiskeli anahesabiwa kuwa mtu, hiyo kweli bado hatuna.

Sikilizeni. Kati ya Mbwemkuru na Kiranjeranje nikiwa kwenye mteremko, basi moja lilikuja nyuma yangu, jina la basi nalo siliweki, likapiga honi kwa mbali, halikupunguza mwendo hata kidogo. Mbele linakuja lori la jasi. Nafasi ya watatu haipo. Kwa hesabu ya dereva anayetakiwa kutoka barabarani ni mie. Nikatoka, nikaingia kwenye majani na mchanga, kiwiko kikachubuka, basi likapita, na kondakta mlangoni akaniambia "toa mkweche". Nikakaa pale nikiwaza: mie nina helmeti, nina nguo ya kung'aa, nina bima, na jambo hili nalifanya siku tatu kwa mwaka. Yule kijana wa samaki anafanyiwa hivi kila alfajiri, na giza bado lipo, na taa hana.

Lami ile tuliililia miaka mingi. Kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilichelewa mpaka ikawa kichekesho, masika watu walikuwa wanalala njiani na mabasi yamezama tope. Ilipokamilika tukashangilia, na nilishangilia na mie. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vikaikata barabara huku kusini, Lindi na Mtwara tukakaa kama kisiwa, na kila mtu akaona ile lami ina maana gani. Sina ugomvi na lami. Ninachosema, lami ilipokuja mwendo wa magari ukapanda na mwenye baiskeli hakupewa hata futi moja pembeni yenye usalama. Akaachiwa ukingo unaomeguka. Zamani tope lilikuwa linawachelewesha wote sawasawa.

Hapo ndipo ningependa nguvu ya mastaa iende. Maana nguvu wanayo. Dada yetu akiposti sabuni sabuni inaisha dukani. Akiposti mteremko wa Mbwemkuru na kijana wa samaki anavyosukumwa na basi, Jumatatu yake mtu ofisini ataulizwa. Simwambii asiende Italia, hela yake kweli. Namwambia akirudi achukue ileile helmeti ya waridi, aje huku na timu yake, alale Lindi, ale Mchinga, alale Kiranjeranje, amlipe fundi wa Hotelitatu, amlipe mwongozaji wa Kisiwani, halafu aandike anachotaka. Akisema pabaya, sawa, atakuwa amepaona.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema wakija mastaa wanaharibu. Na hapo mna hoja, siwezi kukataa, kwa sababu tayari mmoja alishakuja. Yule kaka mchekeshaji, huyu naye hatajwi, alifika Kivinje mwaka jana na kamera na vijana wanne. Nimesimuliwa na watu watatu tofauti na wote stori ni moja. Akaona mzee anapita na Phoenix yake, kikapu cha samaki nyuma. Akamsimamisha, mzee wangu tuazime kidogo tupige picha. Mzee wa watu, mgeni kaomba, unamkatalia vipi? Ile "kidogo" ikawa karibu saa mbili. Baiskeli ikapelekwa ufukweni, ikaletwa kwenye boma, ikapandwa kwa kusimama. Samaki walishushwa wakawekwa kivulini, kivuli kikahama. Mwisho mzee akarudishiwa baiskeli yake usukani umepinda, akaambiwa asante sana mzee, akapigwa picha ya kukumbatiwa. Shilingi hata ya soda hakupewa. Ile picha ilipata mapenzi laki ngapi sijui, maneno juu yake "unyenyekevu". Samaki waliliwa na paka.

Ndugu yangu, kama unasoma hapa, na najua unasoma kwa sababu huwa unaniandikia faraghani nikikutaja, mzee yupo. Kivinje si kubwa. Ukiuliza mwenye Phoenix aliyeazimwa na mchekeshaji, mtoto wa darasa la pili atakupeleka mpaka mlangoni.

Wa pili atasema mambo ya taiti kwenye mji wa Waislamu. Wallahi hili ni dogo kuliko mnavyolikuza. Watu wa Kilwa wameishi na wageni miaka elfu, wamewaona Waarabu, Wareno waliokuja 1505, Wajerumani, Waingereza, wazungu wa gesi wa Songo Songo. Hawana shida na mgeni, wana shida na mtu asiyesalimia. Funga kanga juu ya taiti ukiingia mjini, vaa suruali pana kijijini, salimia wazee, usipande juu ya ukuta wa msikiti kupiga picha. Mengine yote watakuvumilia, pamoja na hiyo helmeti.

Wa tatu atasema baiskeli si mchezo wa Waafrika. Huyu simjibu kwa hasira, namuuliza tu Septemba 2025 alikuwa wapi. Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, watu wamejaa kwenye vilima wanapiga kelele kama fainali ya Simba na Yanga. Muulizeni pia kuhusu Biniam Girmay wa Eritrea. Tarehe 1 Julai 2024 kawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, na hatua yenyewe iliishia Turin, Italia, nchi iliyowatawala kwao na kuwaletea mchezo huo. Mwisho akaondoka na jezi ya kijani. Kenya wenzetu wana mbio za changarawe kule Maasai Mara, wageni wanapanda ndege kuja kula vumbi. Hata hapa nyumbani kuna ule msafara wa Twende Butiama unaotoka Dar kila mwaka kwenda kwa Mwalimu, watu wazima kabisa na vitambi vyao wanafika. Kusini tu ndiko hakuna wa kuja, na Kusini ndiko barabara tamu iliko.

Naongezea hili kwa sababu nimechoka kuulizwa. Ndiyo, huko ndani kuna tembo. Ukitaka kuacha lami ukaingia upande wa Nanjirinji au Liwale, ongea kwanza na wanakijiji wakuambie tembo wako wapi wiki hiyo, na usiendeshe jioni. Barabara ya Liwale masika usiiguse kabisa. Kwenye lami tembo wako wa kumwogopa ana magurudumu sita na honi.

Dada yetu, tuseme umekubali, maana wewe si mtu mbaya, ni msimamizi wako tu. Panda basi la alfajiri Dar, ushuke Lindi jioni. Baiskeli inaingia kwenye buti ikiondolewa gurudumu la mbele, izungushie kanga gia zisigongwe na magunia. Bei ya kuibeba patana kabla hujakaa, kwa sababu ukishakaa na wakishakutambua sura, utailipia baiskeli nauli ya mtu mzima. Somanga basi likisimama nunua samaki. Lindi lala mapema, uwe barabarani saa kumi na mbili asubuhi kabla mabasi ya Dar hayajashika kasi. Maji beba lita tatu, kati ya Mbwemkuru na Kiranjeranje maduka ni machache. Pale Hotelitatu hata kama huna pancha simama, mwembe wa kushoto, yule babu atakuuliza kama kuna msiba.